Mfanyakazi Aliyekwama Langoni

Nina mfanyakazi asiyekula. Hanywi chai yangu, haombi ruhusa ya Idi, na uso wake sijauona hata siku moja. Anakaa ndani ya simu, nyuma ya ukurasa, na asubuhi moja nusura ndama wetu wazame yeye akiwa kazini. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa langu, na sioni haya kuliandika, kwa sababu aliyelirekebisha pia ni mimi, mtu wa darasa la pili na nusu ya duksi, chuo cha Kurani, wakati yule aliyesomea kompyuta Mombasa ameketi na mikono kichwani.

Huyo aliyesoma ni mjukuu wangu, binti wa binti yangu wa pili. Alipomaliza chuo watu walidhani atabaki mjini. Akarudi Garsen na laptopu moja na ulimi usiojua kutembea, unakimbia tu. Ananiita Akko, maana ndivyo sisi Waorma tunavyomwita bibi, na akiwa na jambo huita mara tatu bila kupumua: "Akko Akko Akko!" Kazi yake huifanya barazani kwangu, laptopu juu ya sufuria iliyopinduliwa, kwa sababu ni pale tu, kati ya nguzo ya pili na tangi la maji, netwaki inapokubali kukaa kitako.

Baraza hilohilo ndilo la maziwa. Kila asubuhi akina mama kutoka uwandani, kwenye malisho mbele ya Minjila, hufika kwa bodaboda, madumu yamening'inia kila upande kama viwele. Tunachuja, tunanusa, tunagombana, tunamimina. Maziwa yakishaondoka kwenda madukani, wao hurudi uwandani kwa wanaume na mifugo. Mimi ndiye mkubwa wa kundi. Hakuna aliyenichagua. Sauti yangu ndiyo iliyonichagua.

Sasa kuna huu mto. Mto Tana kwetu huku huleta mvua ya watu wengine. Mbingu ya Garsen inaweza kuwa kavu kama ngozi ya kukalia, wala hujaona wingu, na maji yakaja tu kutoka bara, kimyakimya, yakapanda juu ya nyasi. Na nyasi tamu ziko palepale chini, yanakofika maji kwanza. Ndiko tunakoweka ndama na mitamba. Ng'ombe mkubwa ataogelea, atatoka. Ndama hatoki. Nimewahi kuokota ndama vichakani maji yalipopungua, shingo imenasa kwenye miiba, na sitaki kuokota wengine. Ukihama mapema, umeacha nyasi na ndama wanakonda bure. Ukichelewa, ndiyo hiyo miiba.

Huko juu Wenje nina shoga, Mpokomo, mkulima wa ndizi, tuliyejuana sokoni tukigombania kivuli. Mbele ya shamba lake, mtoni, wamesimamisha mti uliopakwa rangi tatu: kijani chini, njano katikati, nyekundu juu. Maji yanayogusa rangi fulani Wenje leo, kwetu hufika baada ya siku mbili hivi. Zamani alikuwa akinipigia simu, nami nawaambia akina mama, nao wanapeleka uwandani, ambako hakuna netwaki hata ukipanda juu ya ngamia. Lakini njiani maneno yalikuwa yakigeuka. Nikisema "maji yamepanda kidogo," yakifika kwa shemeji yangu yamekuwa "mwaka huu mto umekataa kuja."

Shemeji huyu ni mdogo wa marehemu mume wangu, na ndiye anayesema mifugo ihame au ikae. Siku moja alitoa kauli yake mbele ya wote: "Maneno ya wanawake yanakuja kwa pikipiki, yanatikisika. Nionyesheni kitu."

Mjukuu wangu akasema, "Sawa babu, nitakuonyesha kitu."

Akatengeneza ukurasa. Shoga yangu akiangalia ule mti asubuhi, anabonyeza rangi kwenye simu yake Wenje, na sisi tukifungua ukurasa huku Garsen, simu nzima inajaa rangi ileile. Hakuna kusoma. Rangi kubwa ambayo hata shemeji, mwenye jicho moja lenye ukungu, anaiona akiwa amesimama.

Nikamuuliza, "Na uwandani, kusiko na netwaki?"

"Utafunguka hukohuko, Akko. Nimeweka mfanyakazi."

"Mfanyakazi gani?"

"Kwa Kizungu wanamwita savisi waka."

Niliposikia "waka" nikaiweka simu chini mara moja. "Iwake nini? Unataka kunichoma?"

Alicheka mpaka akashikilia tangi. Kisha akanieleza, na mimi hupenda sana anavyonieleza, kwa sababu hanipunguzii. Alisema ukurasa ninaouona ni kama sebule. Nyuma yake kuna mfanyakazi asiyeonekana. Kila kitu ambacho ukurasa unataka kutoka mtandaoni, hauendi kukitafuta wenyewe. Ombi hupitia kwa huyu kwanza. Yeye ndiye anayeamua. Ana ghala lake dogo ndani ya simu. Anaweza kutoa kilichomo ghalani, au akatoka kwenda mtandaoni kuleta kipya. Na wewe ukituma neno mahali pasipo netwaki, analipokea, analiweka, na netwaki ikirudi analipeleka, hata kama umeshasahau, hata kama unafanya mambo mengine.

"Haji sebuleni?"

"Hawezi. Haruhusiwi kugusa ukurasa hata kidogo. Hupitisha ujumbe tu."

Hapo nikamwelewa kabisa, kwa sababu nimeishi naye. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa hivyo. Wageni wa mume wangu walikunywa chai miaka na miaka wakisifu nyumba ile, na hakuna mmoja aliyemwona. Ukipiga kikombe kwa kijiko, sinia linatokea kwenye pazia. Mkono wenyewe huuoni.

"Na akikosa kazi?"

"Simu inamlaza ili chaji isiishe. Kukiwa na jambo, inamwamsha."

"Anaamka bila kununa?"

"Bila kununa, Akko."

"Basi huyo si wa ukoo wetu."

Mimi siamini kitu kwa kuambiwa. Nilipanda bodaboda na akina mama, tukaenda uwandani mpaka zile alama za netwaki kwenye simu zikafa moja moja, ikabaki msalaba. Nikafungua ukurasa mbele ya shemeji. Ukafunguka! Kijani tele, kama shamba la mpunga. Shemeji akaichukua simu, akaigeuza nyuma, akaigonga, akainusa, wallahi aliinusa. Chini ya ile rangi, kando ya kitufe kingine cha siku ya kuhama, kulikuwa na kitufe cha kusema "Nimeona." Nikakibonyeza palepale penye msalaba, nikatia simu kwenye kikapu, nikarudi. Nilipofika nyumbani, kabla sijavua viatu, mjukuu wangu akaniambia kutoka barazani, "Akko, ulipita Minjila saa nne, sivyo?" Nani alimwambia? Mfanyakazi! Nilipopita Minjila netwaki ilirudi, naye akiwa humo kikapuni, chini ya kanga na madumu matupu, akaamka, akalipeleka neno langu. Nilicheza. Nina magoti mabovu, lakini nilicheza.

Sasa sikilizeni kosa langu.

Kwetu, mchungaji akiwa nje na mifugo, lango la zizi halifungwi. Unaweka mwiba mmoja tu kando, kama ishara, lakini hufungi mpaka arudi. Ukifunga umemwambia, "Hatukuhitaji tena." Wapo watu walioacha kazi kwa lango kufungwa. Basi mimi nikapiga hesabu zangu: mfanyakazi yuko nyuma ya ukurasa, kila mara anatoka kwenda mtandaoni, nikiufunga ukurasa, atarudi akute nini? Mjukuu wangu alikuwa amesema, kwa ule ulimi wake wa mbio, kwamba ukurasa ukifungwa yeye hana neno. Sikumwamini. Niliwakusanya akina mama barazani, nikawapa sheria.

"Huu ukurasa haufungwi. Wala simu haizimwi. Mkifunga, mmemfukuza. Mmesikia?"

"Tumesikia, mama."

"Atakayefunga, maziwa yake nitayanusa mara mbili."

Walicheka, lakini walitii. Mimi mwenyewe nilitii kuliko wote. Kila asubuhi mjukuu wangu alitutumia kiungo cha bluu cha kufungulia ukurasa, nami nakibonyeza, na ukurasa mwingine unafunguka juu ya ule wa jana. Wa jana siufungi. Na wa juzi siufungi.

Karibu mwezi mzima mto ulikaa kijani. Tulikuwa na raha. Shemeji akawa na tabia mpya: akina mama wakirudi, hata salamu hasikii, ananyoosha mkono, "Leteni rangi." Akiona kijani, anarudi kulala kivulini. Na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejiuliza kama kijani kile ni cha leo au cha siku ya kwanza. Nani atauliza? Kijani ni kijani.

Ikaja asubuhi yenyewe. Jua kali, mbingu tupu. Akina mama saba wako barazani, mimi nachuja. Simu yangu ikaita, shoga yangu wa Wenje, hata salamu hakutoa.

"Dada, nyinyi mmehama?"

"Tuhame twende wapi? Mto kijani."

"Kijani! Kijani gani? Maji yako kwenye nyekundu tangu alfajiri! Jana nimebonyeza njano, leo nimebonyeza nyekundu, mara tatu nimebonyeza! Migomba yangu ya chini imeshaoga!"

Chujio likanitoka mkononi. Nilifungua simu yangu: kijani. Nikanyakua simu ya jirani yangu: kijani. Tuliangalia simu zote nane na zote zilikuwa kijani, kama ng'ombe waliokubaliana kusema uongo.

"Akko Akko Akko," mjukuu wangu akaita, lakini safari hii sauti ilikuwa ndogo. Alikuwa ameshainama kwenye laptopu. Akajipiga paji la uso. "Ni mimi. Nilimwambia aangalie ghalani kwanza."

"Sema kwa watu."

"Yule mfanyakazi. Nilimpa amri kwamba akiulizwa rangi, aangalie ghalani kwanza, akiikuta aitoe, asisumbuke kwenda mtandaoni. Nilitaka iwe haraka. Kwa hiyo amekuwa akitoa ile rangi ya siku ya kwanza. Kila siku."

Mwanamke mmoja, mrefu, mwenye mdomo kama mundu, akasema, "Yaani ametunywesha maziwa ya mwezi uliopita."

"Ndiyo, mama."

"Na mabichi yako mlangoni."

"Ndiyo, mama. Nipeni dakika kumi."

Alipewa. Vidole vyake vilikuwa vinalia kama mvua kwenye bati. Alisema anaandika mfanyakazi mwingine, mwenye amri nyingine: aende mtandaoni kwanza kila mara, na ghalani aingie tu pale netwaki ikikosekana. Akabonyeza, laptopu ikawa nyekundu. Nyekundu ya kuchinja! Tulipiga vigelegele.

"Haya, fungueni simu zenu."

Tukafungua. Kijani.

"Rifreshini. Vuteni ukurasa chini, hivi."

Tukavuta. Kijani. Tukavuta tena. Nilivuta mpaka kidole kikaota joto. Kijani.

Lazima mjue kwa nini tulikuwa na haraka. Uwandani hakuna netwaki; rangi inayotoka hapa barazani ndiyo itakayofika kule. Vijana wa bodaboda walishaanza kupiga honi nje, jua linapanda, na kuhamisha ndama kutoka kule chini ni kazi ya siku nzima na nyingine. Wasipoondoka na nyekundu asubuhi ile, basi.

Mmoja akasema, "Twende tu, tumwambie kwa mdomo."

"Shemeji?" nikamjibu. "Simu iseme kijani, wewe useme nyekundu? Atalala na kijani."

"Tupige picha hiyo laptopu."

"Atauliza picha ya lini."

"Tumbebee laptopu yenyewe!"

"Betri itakufa kabla ya Minjila," mjukuu wangu akasema, na nikaona macho yake yamejaa. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo, lakini wanawake saba wenye ndama walikuwa wakimtazama vidole. Alikuwa amekataa kukaa mjini kwa ajili ya kitu hiki. "Kwangu inafanya kazi," akawa anarudia. "Kwangu inafanya kazi. Sielewi. Kwangu iko sawa." Ndipo akaweka mikono kichwani.

Mimi nikakaa chini, kando yake, juu ya dumu. Mtu akichanganyikiwa hivyo, muulize mambo ya kijinga. Nimelea watoto sita kwa maswali ya kijinga.

"Huyo mfanyakazi mpya umemwandika?"

"Nimemwandika, Akko."

"Amefika kwenye simu yangu?"

Akachomeka waya kutoka simu yangu hadi laptopu, akaangalia. "Amefika. Yumo."

"Anafanya nini humo?"

"Hafanyi kitu. Imeandikwa… anasubiri."

"Anasubiri wapi?"

"Akko, hakuna wapi. Anasubiri tu."

"Hakuna mtu anayesubiri tu. Yuko mlangoni au yuko ndani?"

Akaguna. "Tuseme mlangoni."

Nilisimama. Yale magoti mabovu, sikuyasikia. Kwa sababu hilo ninalijua tangu nikiwa msichana nabeba maji ya wachungaji! Ukileta mchungaji mpya, haingii katikati ya ng'ombe siku hiyo hiyo na kuanza kupiga miluzi. Anakaa langoni, anachuchumaa, fimbo hana. Yule wa zamani anatoa ng'ombe wake, anawahesabu, anatoka langoni wa mwisho, na hapo ndipo anamkabidhi mwenzake fimbo. Wakiingia wote wawili, ng'ombe wanasikia sauti mbili, huyu anaita mtoni, yule anaita mlimani, na kundi linapasuka. Mpya anaweza kuchuchumaa pale mpaka jioni. Si mvivu. Ana adabu.

"Mwenzake hajatoka!" nikapiga kelele. "Wa zamani bado ana ng'ombe!"

"Ng'ombe gani, Akko?"

"Kurasa! Kurasa alizozichunga! Ameziachia lini?"

Mjukuu wangu akanitazama. Kisha polepole akaichukua simu yangu, akagusa kile kisanduku kidogo juu pembeni chenye namba ambayo mimi siku zote nilidhani ni ya chaji. Zikatokea kurasa zimepangana kama chapati. Kijani, kijani, kijani, kijani.

"Akko. Una tabu ishirini na tatu."

"Mimi? Nina zaidi."

"Si tabu hizo! Tabu za simu! Kila ukurasa uliofunguliwa unaitwa tabu. Ishirini na tatu, zote za mto! Kwa nini hukufunga?"

"Ungefunga lango mchungaji akiwa nje?"

Alianza kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Kumbe ndivyo ilivyo hasa: maadamu kuna ukurasa hata mmoja uliofunguliwa chini ya mfanyakazi wa zamani, mpya haingii. Anachuchumaa. Kurifreshi hakumwondoi wa zamani, kwa maana ukurasa haujafungwa, umejigeuza tu usingizini. Na kwenye laptopu yake, tangu zamani alikuwa ameweka alama ya kumpitisha mpya moja kwa moja bila kungoja, ili asicheleweshwe akijaribu mambo. Ndiyo maana kwake ilifanya kazi. Kwake lango halikuwepo.

"Funga tabu zote," akaniambia.

"Zote?"

"Zote, Akko."

Nikageukia barazani, nikavuta pumzi, nikatoa ile sauti iliyonichagua.

"Wanawake! Fungeni tabu zote!"

Yule mwenye mdomo wa mundu akasema, "Alhamdulillahi, hatimaye kuna mtu ameliona hilo. Nianze na mume?"

"Za simu! Za simu kwanza, mume baadaye!"

Basi mngeona wanawake saba wamekaa juu ya madumu, vidole vinafagia kurasa kulia na kushoto. Mmoja alikuwa na tabu thelathini na moja, nyingine si za mto, akazihesabu kwa sauti kama anayefukuza mbuzi kwenye shamba. "Toka! Toka! Na wewe toka!" Mmoja alisita kwenye ya mwisho, akaniuliza, "Mama, hatajisikia vibaya?" Nikamwambia amefanya kazi yake, sasa apumzike. Akaifunga kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto.

"Sasa fungueni upya."

Nilibonyeza kile kiungo cha bluu. Kulikuwa na weupe kidogo, kama jicho linalopepesa.

Nyekundu.

Simu yangu nyekundu, ya jirani nyekundu, nane zote, moja baada ya nyingine, kama mtu anayewasha taa nyumba kwa nyumba. Shoga yangu wa Wenje alikuwa bado hewani muda wote huo, sikuwa nimemkata. Akasikia kelele zetu akadhani tumevamiwa. Mjukuu wangu aliruka juu ya sufuria, laptopu ikaponea chupuchupu. Yule mrefu akamnyanyua kiunoni akamzungusha, kisha akina mama wote wakapanda bodaboda wakipiga vigelegele, simu zimeinuliwa juu, wekundu unaonekana mpaka barabarani. Madumu matupu waliyasahau. Niliyapanga mwenyewe.

Kisha ikawa kungoja, na kungoja mimi sikuwezi. Walikwenda, wakavuka Minjila, wakaingia kwenye ule msalaba. Sikujua kama shemeji amehama au amenusa simu akarudi kivulini. Mjukuu wangu siku ile hakukaa bure. Aliandika kitu kipya kwenye ukurasa: mfanyakazi mpya akifika na kukuta wa zamani bado anachunga, unatokea mstari chini wenye maneno, nawe ukiugusa anaingia. Alitaka kuandika "Toleo jipya lipo." Nikamwambia, hilo nani atalielewa? Andika hivi: "Mchungaji mpya yuko langoni. Mpe fimbo." Ameandika hivyohivyo. Mstari uko mpaka leo.

Siku ya pili, asubuhi, akina mama hawakuja kwa wakati wao. Nilikuwa na maji ya chai jikoni na moyo wangu uko uwandani. Nilitoka nje mara kumi kuangalia barabara. Mto hapa Garsen ulikuwa umeanza kuwa mwekundu wenyewe, rangi ya udongo wa bara, umebeba magogo. Mjukuu wangu aliniita Akko mara moja tu, na kwake hiyo ni dalili ya ugonjwa.

Simu ikalia. Si kuita, ule mlio mfupi. Ukurasa haukuwa umefunguliwa. Siku hizi nafunga. Lakini nyuma ya ukurasa mtu wangu alikuwa ameamka. Neno lilikuwa limebonyezwa uwandani jana yake, penye msalaba, kwenye kitufe ambacho hakuna aliyewahi kukigusa kwa sababu hakukuwa na haja. Lilikaa kimya ndani ya simu ya yule mwanamke mrefu usiku kucha, likapanda naye bodaboda asubuhi, na alipogusa Minjila likaruka. Mwanamke mwenyewe hakujua kama limetoka. Alinieleza baadaye kwamba aliyebonyeza ni shemeji, kwa kidole chake, akiwa amesimama juu ya kichuguu huku nyuma yake ndama wanapandishwa nyanda za juu, wote, hata yule mwenye mguu mbovu aliyebebwa begani.

Mimi sisomi haraka. Mjukuu wangu alitaka kunisomea, nikamzuia kwa mkono. Niliishika simu karibu na pua, nikalisoma silabi kwa silabi, mwenyewe.

Tu-me-ha-ma.

Nikaiweka simu juu ya meza, nikaenda jikoni, nikarudi na vikombe vitatu. Mjukuu wangu akaangalia, akahesabu, akauliza cha tatu ni cha nani.

"Cha aliyeko nyuma," nikasema. "Najua hanywi. Mimina tu."